Mkwiro wa Ngoma: Jinsi Uchongwavyo kwa Mkono na kwa Mashine



Ngoma husifiwa na watu wote, bali mkwiro haukumbukwi na mtu. Ngoma ikilia vizuri watu husema, "Ngoma hii ina sauti tamu," nao humtazama mpigaji na kuusifu mkono wake. Kile kijiti kilicho kati ya mkono na ngozi hakitajwi kabisa, na kikivunjika hutupwa motoni pamoja na kuni. Nami leo napenda kueleza habari za kijiti hicho, ambacho kwa Kiswahili huitwa mkwiro: jinsi wazee walivyouchonga, jinsi viwanda vinavyouchonga siku hizi, na kwa nini habari zake zimefungamana na habari za miti ya nchi yetu ya Shinyanga. Huenda mtu akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kuitwa historia. Lakini historia si ya wafalme na vita peke yake. Chombo kidogo nacho chaweza kutufundisha habari za nchi kubwa, tukikifuata tangu kilikotoka hata kilikofika.

Hapa Maganzo, kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, sisi tumo katika nchi ya Usukuma, na katika nchi hii ngoma ilikuwa na kazi tatu kubwa. Kwanza, ilikuwa alama ya enzi. Watemi walikuwa na ngoma zao zilizotunzwa kwa heshima, wala hazikupigwa ovyo. Mwaka wa 1963 Serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa watemi kwa sheria, lakini ngoma za enzi hazikupotea zote. Nyingine zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wasukuma huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Pili, ngoma ilikuwa chombo cha kazi. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, watu hulima kwa kufuata mapigo, majembe yakiinuka na kushuka pamoja, na shamba ambalo lingemchosha mtu mmoja kwa siku nyingi humalizwa na kundi kwa furaha. Tatu, ngoma ilikuwa mashindano. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo husimuliwa kwamba vilianzishwa na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana uwanjani, na aliyewavuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi.

Basi fikirini kazi ya mkwiro katika mambo hayo yote. Mkwiro mzito mno huipasua ngozi. Mwepesi mno hautoi sauti ya kufika mbali. Uliopinda humchosha mpigaji, na wenye magamba humtoa malengelenge. Tena umbo la ncha yake hubadili sauti: ncha ndogo na ngumu hutoa sauti kali na nyembamba, na ncha pana au iliyofungwa kitu laini hutoa sauti nzito ya chini. Kwa hiyo fundi wa zamani hakuokota kijiti chochote njiani. Alichagua, akakausha, akachonga, akajaribu. Nitaeleza kazi hizo moja baada ya moja.

Kazi ya kwanza ni kuchagua mti. Fundi hutafuta tawi au kipande cha gogo kilichonyooka, kisicho na kifundo, ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hata mwisho. Sababu yake ni hii: mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Nyuzi zikitoka ubavuni mwa mkwiro, basi hapo ndipo utakapovunjika siku ya ngoma, hata ukiwa mnene namna gani. Mtu anayechanja kuni anaujua ukweli huu, ingawa hajafundishwa darasani. Tena si kila mti ufaao. Mti laini huliwa upesi na ukingo wa ngoma, na mti mgumu usionepa huurudisha mshindo wote katika kiganja. Mti mwema ni ule ulio mgumu na tena unaonepa kidogo bila kukatika. Mkole, kwa mfano, tangu zamani hukatwa pinde na fimbo kwa sababu ya tabia hiyo.

Kazi ya pili ni kukausha. Kijiti kibichi kikichongwa siku ile ile na kutumiwa, baada ya majuma machache kitapinda kama mundu. Na kikiwekwa juani kikauke upesi, ngozi yake ya nje hukauka na kunywea hali ndani bado kuna maji, nacho hupasuka. Kwa hiyo huwekwa kivulini, mahali penye hewa, na kuachwa kwa subira. Wanafunzi wengi hushindwa katika jambo hili kuliko katika kuchonga, maana mkono hujifunza upesi, lakini subira huja polepole.

Kazi ya tatu ni kuchonga kwenyewe. Fundi huanza kwa tezo, akiondoa sehemu kubwa, kisha hushika kisu na kuondoa kidogo kidogo huku akikizungusha kijiti mkononi ili kisiwe bapa upande mmoja. Huacha unene nyuma, mahali pa kushikia, na kupunguza kuelekea mbele, kisha huacha kichwa kidogo mwishoni. Kama kijiti kina kombo kidogo, hupashwa moto na kunyooshwa kikiwa kingali na joto. Mwisho husuguliwa. Hapa Kiswahili chenyewe kimetuhifadhia historia. Zamani mafundi walisugua mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo yamekwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ya mchanga ilipoletwa madukani, watu hawakuitafutia jina jipya. Waliiita msasa, kwa kuwa kazi yake ni ile ile. Kila mtoto anayeomba msasa dukani hulitaja jani la mti bila kujua.

Kazi ya nne, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, ni kuifanya mikwiro miwili iwe pacha. Mpigaji ana mikono miwili, na mikono hiyo yataka urari. Mkwiro wa kuume ukiwa mzito kuliko wa kushoto, mapigo hayatalingana. Fundi huviringisha mikwiro juu ya kitu kilicho sawasawa kama ubao, na ule uliopinda huonekana mara moja kwa sababu hurukaruka. Hupima uzito kwa viganja. Kisha hugonga mmoja mmoja na kusikiliza, maana kila kijiti kina sauti yake, na pacha wa kweli hulia sauti moja.

Jirani zetu wa Burundi wametuonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kuheshimiwa. Ngoma zao za enzi hupigwa kwa vijiti viitwavyo imirisho, na mti ambao ngoma huchongwa wamewahi kuupa jina la umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliandika ngoma hizo za kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu. Angalieni hekima ya jina lile. Hawakuusifu mkono wala ngozi. Waliusifu mti uliosimama porini kabla ya fundi kuja na shoka lake.

Sasa tutoke katika kazi ya mkono, tuitazame mashine. Mashine ya kwanza ya kufanyiza vitu vya mviringo ni kerezo. Kerezo la upinde lilijulikana tangu kale katika Misri, Uarabu na Bara Hindi. Mti hushikwa kwa ncha mbili, uzi wa upinde huzungushwa juu yake, fundi huvuta upinde kwa mkono mmoja ili mti uzunguke, na kwa mkono wa pili hushika patasi inayokula mti. Kuchonga kwa njia hiyo ndiko kukereza, na miguu ya vitanda na viti iliyokerezwa ilipamba nyumba za Lamu na Unguja kwa miaka mingi. Tofauti yake na kisu ni kubwa. Anayechonga kwa kisu hutafuta mviringo kwa jicho lake, bali mwenye kerezo hupewa mviringo na mzunguko wenyewe.

Haja ya mikwiro ya kukereza iliongezeka katika nchi zetu pamoja na ngoma za kijeshi. Ngoma ya askari si kubwa, na mapigo yake ni ya upesi sana, hivyo yataka vijiti vyembamba, vyepesi, vilivyo sawa kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya, watu walianza kucheza beni, ngoma iliyoiga bendi za Kizungu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliorudi makwao waliieneza hata bara. Kwa hiyo mkwiro mwembamba wa jozi ulijulikana na watu ambao zamani waliujua ule mnene wa ngoma kubwa tu.

Lakini kerezo la mkono nalo lina mpaka wake, maana kila kijiti chataka jicho la fundi upya. Mwaka wa 1819 Mmarekani Thomas Blanchard alipewa hati ya kumiliki ubunifu wa mashine ya kuchongea vitako vya bunduki. Mashine hiyo ilikuwa na kielelezo: kigurudumu kilipita juu ya kielelezo na kufuata milima na mabonde yake, na kisu kilichounganishwa nacho kilichonga sura ile ile katika mti mwingine. Tangu hapo vitu vyenye sura ngumu, kama mipini ya shoka, viliweza kufanyizwa kwa wingi bila kila kimoja kupimwa kwa jicho.

Siku hizi mikwiro mingi ya viwandani hufanyizwa kwa mti wa hikori, uotao mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Mti huo ndio Wamarekani walioutumia tangu zamani kwa mipini ya shoka na nyundo, kwa kuwa huvumilia mshindo bila kuvunjika. Angalieni basi: mafundi wa kule walitafuta tabia zile zile zinazotafutwa na fundi wa hapa, yaani ugumu pamoja na kunepa. Wajapani nao wametumia mti wa mwaloni, ulio mzito zaidi.

Kiwandani kazi huendelea hivi. Gogo hupasuliwa mbao, na mbao hukatwa vipande virefu vya pande nne. Vipande hukaushwa katika chumba cha moto, na maji yaliyomo hupimwa, kwani mti wenye maji mengi hupinda, na uliokauka kupita kiasi huvunjika. Kisha kila kipande hupitishwa katika mashine yenye visu vinavyozunguka, nacho hutoka kimekuwa fimbo ya mviringo, iliyo sawa toka mwanzo hata mwisho. Baadaye fimbo hiyo hupewa sura. Viwanda vingine hutumia kerezo lenye kisu kirefu. Vingine hutumia jiwe la kusagia lizungukalo kwa kasi. Jiwe hilo limechongwa kwa kinyume cha sura ya mkwiro: panapotakiwa unene jiwe lina bonde, na panapotakiwa wembamba jiwe lina kilima. Fimbo ikigusana nalo husagwa, na kwa muda mfupi sana hutoka ikiwa na tako, mwili, bega linalopungua, shingo na kichwa.

Hapa sisi watu wa Maganzo tuna neno la kuongeza. Jiwe la kusagia nalo huchakaa na kupoteza sura, na kitu cha kulirudishia sura ni almasi, kwa sababu hakuna jiwe la asili lililo gumu kuliko hilo. Mwaka wa 1940 John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, karibu nasi hapa. Watu wengi hudhani almasi ni za pete na taji tu, na kweli ile ya rangi ya waridi iliyopatikana mwaka wa 1947 alipewa Princess Elizabeth wa Uingereza. Lakini migodi hutoa pia almasi zisizo na uzuri wa vito, nazo hufanya kazi viwandani: hukata, hutoboa, na kunyoosha mawe ya kusagia.

Mikwiro ikisha kupata sura husuguliwa, hupakwa vanishi, kisha huingia katika mtihani. Ile iliyopinda hutupwa. Iliyobaki hupimwa kwa mizani, na katika viwanda vizuri hupimwa sauti pia, kisha ile inayolingana hufungwa jozi. Mkwiro mmoja wa kawaida sana una urefu wa sentimita 40 na nusu hivi, na unene wa milimita 14 hivi. Ncha ya mti humeguka kwa kupigwa sana, kwa hiyo mwaka wa 1958 Joe Calato wa Marekani alianza kuweka ncha za nailoni.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni Vic Firth, aliyekuwa mpigaji wa ngoma katika okestra ya mji wa Boston. Hakuridhika na mikwiro iliyouzwa wakati ule. Mwaka wa 1963 alichonga vielelezo kwa mkono wake mwenyewe, akavipeleka kwa mkereza mmoja wa Montreal, Kanada, ili amfanyizie mingine kama ile. Wanafunzi wake wakaitaka, na wenzao wakaitaka, hata pakazaliwa kiwanda kinachojulikana duniani. Basi msimdharau mwenye kisu. Mashine haina wazo. Hurudia tu kile ambacho mkono na sikio vimekwisha kukitafuta na kukipata. Wala msiidharau mashine, kwa maana ile jozi iliyo pacha, ambayo zamani ilipatikana kwa taabu, sasa mwanafunzi maskini wa mji wa mbali aweza kuinunua. Kila njia ina sifa yake: mashine huchonga mkwiro mmoja kwa ajili ya mikono elfu, na fundi wa kijiji huchonga mkwiro kwa ajili ya mkono mmoja anaoujua.

Lakini fundi na mashine wote wawili wana bwana mmoja, naye ni mti. Hapo ndipo historia ya Shinyanga inapotupa onyo na tumaini. Tangu miaka ya 1920, pori la nchi hii lilifyekwa kwa maelfu ya mikono, chini ya watemi na wataalamu kama C. F. M. Swynnerton, ili kuwaondoa ndorobo waliokuwa wakiua ng'ombe. Sababu ilikuwa ya kweli, maana ndorobo hukaa kivulini, na ng'ombe ni mali ya Msukuma. Baadaye mashamba ya pamba yalienea, mifugo ikaongezeka, kuni na makaa yakatakiwa, na miti haikupewa nafasi ya kurudi. Mahali pengi pakawa peupe kama kiganja, hata Mwalimu Nyerere akaonya kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Katika nchi ya namna hiyo mwanamke hutembea mbali kutafuta kuni, ng'ombe hukosa malisho wakati wa kiangazi, na mtoto mwenye kipaji cha kuchonga hana cha kuchonga.

Dawa ilipatikana katika desturi ya Wasukuma wenyewe. Wazee walikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi wakati majani yamekwisha kwingine. Mwaka wa 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, nao uliwahimiza watu kuzirudisha ngitili. Hapo ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kabla ya miaka 20 kupita zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mingi ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Visiki vilivyokuwa hai chini ya udongo vilichipua mara vilipopumzishwa. Mwaka wa 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta mbele ya mataifa.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi mnaotaka kujifunza kazi hii, nawapeni mashauri matatu. Msikate mche mchanga kwa ajili ya mkwiro; ombeni tawi la mti mkubwa, kwa idhini ya wenye ngitili, na mlikate kwa uangalifu ili mti uponye jeraha lake. Kaeni na wazee wanaojua kuchonga, mwandike majina ya miti wanayoitumia na sababu za kila mmoja, kwa maana elimu hiyo haimo katika vitabu vya shule. Na kila shule iliyo na ngoma iwe na kipande cha ardhi kilichofungwa, hata kikiwa kidogo, ambamo watoto wa darasa la kwanza watapata matawi ya kuchonga watakapofika darasa la mwisho.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza leo. Mtakapoisikia ngoma uwanjani baada ya mavuno, mtazameni mpigaji, msikilizeni na ngozi, kisha mwulizeni mzee aliye karibu nanyi, "Mkwiro ule ni wa mti gani, nao waota wapi?" Akiweza kuwaonyesha mti ule ukisimama, furahini. Asipoweza, mnajua kazi inayowangojea. Kwaherini.